Mikono Mitatu Juu ya Meda

Pale Kashikishi, kwenye ufuko wa ziwa Mweru, wauzaji wa chisense ni wengi kuliko wanunuzi. Chisense ni samaki mudogo kama kidole cha mutoto. Wavuvi wanamuvua kwa taa, asubuhi wanamushusha, wanawake wanamuanika, na jua likiwa zuri jioni amekauka. Kila mwanamuke pale ana samaki yule yule wa jirani yake, wa ziwa lile lile, kwa bei ile ile. Ukitaka munuzi asimame kwako, ni lazima uwe na kitu ambacho jirani hana.

Régine Kisimba alikuwa nacho. Samaki wake hakuwa na muchanga.

Wengine wote wanaanika chini, juu ya muchanga wa ufuko, kwa sababu muchanga hauna bei. Ukila samaki yule unasikia meno yanalia. Régine alijenga chanja nne, yaani vitanda vya miti vilivyotandikwa nyavu za zamani, vinavyofika kwenye kiuno cha mutu. Samaki wake alikauka juu na chini, upepo ukipita katikati. Miti aliikata yeye mwenyewe. Nyavu alizipata kwangu. Mimi ninauza chumvi, mifuko mitupu na vitu vingine vya ufuko, na siku ile aliniangusha bei mpaka nikacheka. Nilimupenda kwa sababu hiyo. Mutu anayejua kubishana bei hasumbui.

Alizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, kwetu Kongo. Vita ilipofika alivuka na watoto wawili, Priscille na Willy, na akapelekwa kambi ya Mantapala kama wengine. Alipewa kipande cha shamba. Alilima muhogo na karanga miaka mitatu. Alipoulizwa maisha ya kule alikuwa anajibu kwa kifupi: "Kule hakuna mutu ya kubishana naye. Unalima, unakula ile umelima, unalala. Kesho tena."

Akashuka ufukoni. Mwanzo alichagua samaki wa watu wengine, akitoa majani na takataka, na malipo yake yalikuwa samaki. Kutoka hapo mpaka chanja nne ilimuchukua miaka mine. Priscille akaingia sekondari, Willy akawa darasa la sita.

Mambo haya yote yalisimama juu ya karatasi moja. Mukimbizi anayetaka kukaa nje ya kambi anaomba ruhusa, na ruhusa ya Régine ilikuwa ya mwaka mumoja mumoja. Kila mwezi wa kumi afisa alikuja kuangalia, na neno lake halikubadilika: biashara inayoonekana. Hakutaka maelezo, alitaka kuona kwa macho. Mwaka jana alitazama chanja, akatazama samaki, akauliza, "Wanunuzi wako ni wangapi, mama?"

Régine akasema ukweli. Wadogo wadogo wengi, mukubwa mumoja. Mukubwa huyo alikuwa Ba Mubanga, mwanamuke wa Kitwe, mwenye maduka matatu, aliyekuja na lori kila wiki mbili.

Afisa akaandika, akasema, "Mumoja ni kidogo. Yule akipotea, unabakia na nini? Mwaka ujao nataka kuona zaidi."

Ndiyo maana alienda kwa Obvious.

Obvious ana duka karibu na pale basi ndogo za Mansa zinasimama. Anapiga picha za pasipoti, anarekodi ndoa na matanga, anatengeneza saiti za intaneti. Ni kijana wa hapa, wilaya ya Nchelenge, Swahili yake ni ya kununua na kuuza, na moyo wake ni wa sinema. Régine alimulipa mifuko miwili ya chisense safi, Obvious akafanya kazi wiki nzima.

Niliiona saiti ile siku ya kwanza. Ukiifungua, video inaanza yenyewe bila kukuuliza. Wimbo wa kanisa unapiga kwa nguvu. Droni inapanda juu ya ziwa, inazunguka, inateremuka. Mitumbwi. Ndege. Jua. Régine anatembea polepole amevaa kikwembe kipya, anatazama mbali kama mutu anayengoja habari mbaya. Dakika mine. Samaki anaonekana mwishoni, sekunde tano, kutoka juu, na kutoka juu huwezi kujua kama ni samaki ao majani ya chai.

Wiki tatu zikapita. Simu ziliingia mbili. Wa kwanza alitaka kujua kwaya iliyoimba. Wa pili alikuwa mwanamuke wa Ndola, Régine aliweka sauti kubwa nisikie.

"Ba mayo, saiti yenu imekula mega zangu zote! Nimefungua nione bei, nimeona ndege!"

"Pole mama. Samaki ni muzuri, haiko na muchanga."

"Nitajuaje haina muchanga? Nimeona ndege, nakwambia!"

Akakata. Régine akaniangalia. "Papa Constantin, kama ingekuwa weye, ungefanya aje?"

Sikuwa na elimu ya mambo haya, na sina mpaka leo. Lakini nimesimama sokoni miaka ishirini na mitano na ninajua munuzi anataka nini: anataka kuweka mukono ndani ya mufuko. Akiwa mbali hawezi. Basi picha ifanye kazi ya mukono wake. Kama picha haifanyi kazi hiyo, ni ya kutundika ukutani.

Tukaenda pamoja kwa Obvious. Alikuwa anakata picha za pasipoti kwa mukasi.

"Wimbo utoke," nikamwambia.

"Awe, mukwai, hapana! Wimbo ndiyo unaleta feeling."

"Feeling inanunua samaki?"

"Papa, hii ni marketing."

"Mimi pia ni marketing, tangu hujazaliwa. Wimbo utoke. Droni itoke. Video isianze yenyewe, mutu aifinye akitaka. Na iwe fupi, sekunde ishirini. Iwe nyepesi, mutu wa mega kidogo aweze kuifungua, na akiipenda aweze kumutumia dada yake."

"Sekunde ishirini ni nini? Ni tangazo la dawa ya mbu."

Régine akacheka. "Na ile dawa inauza, Obvious. Miye mwenyewe nilinunua."

Tulipanga vitu viwili tu vya kuonyesha. Cha kwanza, beseni jeupe la maji: Régine anatupa samaki ndani, anakoroga, anawatoa, na maji yanabakia safi, hakuna muchanga chini. Hicho ndicho alichokuwa nacho, na hakuna maneno yanayoweza kukisema vile beseni linakisema. Cha pili, meda, kile kipimo cha plastiki tunachopimia samaki na unga, akijaza mbele ya macho ya mutu. Halafu sauti yake, kwa Swahili na kwa Bemba, jina lake na namba. Chini ya video, picha tatu ndogo: samaki kwa karibu, mufuko umeshonwa, chanja.

Obvious alinuna, lakini alikuja na telefone yake asubuhi iliyofuata.

Hapa ni lazima nieleze mbasela, maana kila kitu kilichofuata kilitoka hapo.

Ukinunua kwetu, muuzaji akishajaza meda anatupa kidogo juu. Ile nyongeza ndiyo mbasela. Bila mbasela munuzi anaona kama umemufukuza. Lakini wanawake wa ufuko wetu hawaachi kila mutu atoe anavyotaka, wangeuana. Asubuhi mitumbwi ikishashusha, wanaangalia samaki ni wengi ao wachache, wanapatana: leo mukono mumoja. Leo miwili. Leo hakuna, na munuzi akilalamika aende akalalamikie ziwa. Wanaita mukono wa leo. Hakuna anayeuandika, na hakuna anayeuvunja. Aliyeutengeneza zamani sijui ni nani, lakini alikuwa na akili: bei inakaa pale pale, heshima inakaa pale pale, na mbasela inapanda na kushuka pamoja na samaki.

Asubuhi ile ilikuwa mwezi wa tano. Mitumbwi ilirudi imelala majini kwa uzito. Chilufya, mwanamuke munene wa sauti kubwa ambaye wenzake wanamusikiliza, alipita akipaza sauti: "Leo mitatu! Mikono mitatu, bamayo, hata kuku wameshiba!"

Régine akakoroga samaki ndani ya beseni, maji yakabakia kama ya kunywa. Akajaza meda. Halafu mukono wake, wenyewe, bila yeye kufikiri, ukatupa juu: mumoja, miwili, mitatu. Meda ikawa mulima. Akacheka mbele ya telefone, kicheko kizuri cha mutu aliyeamuka na samaki wengi, akasema jina lake na namba.

Obvious akaangalia, akauliza, "Hii ya mwisho nikate? Sekunde zimekuwa ishirini na sita."

Aliniuliza mimi. Nilisema, "Acha. Ni nzuri."

Na ilikuwa nzuri. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona kwenye telefone. Siku ya tatu simu zikaanza. Kitwe, Chingola, Solwezi, mwanamuke mumoja wa Lusaka aliyesema ameiangalia mara saba. Walitumiana kama habari ya ndoa. Mwezi wa sita Régine alifunga mifuko kila siku, anaipeleka kwa basi na lori za Mansa, na mimi niliuza mifuko mitupu mpaka nikaishiwa. Alinunua daftari la Priscille lenye jalada gumu. Akaanza kuzungumuza juu ya chanja ya tano.

"Mwezi ya kumi, acha akuye," alikuwa anasema juu ya afisa. "Akuye na kiti, akae, ahesabu banunuzi mpaka achoke."

Mwezi wa saba mwezi wa mbinguni ulikuwa mukubwa, na mwanga wa mwezi ukiwa mukali chisense hawafuati taa. Mitumbwi ikarudi na kidogo. Wanawake wakapatana: hakuna mukono. Meda ikatwe sawasawa mudomoni, yaani kwenye ukingo wake, basi.

Siku hiyo lori la Ba Mubanga liliingia.

Ba Mubanga ni mwanamuke mufupi, anavaa miwani kwa kamba shingoni, na Swahili yake aliinunua kwa watu wetu miaka mingi kabla hajawa na maduka. Miaka yote alikubali mukono wa leo bila kelele. Aliteremuka, akasalimu, akaomba kiti. Hakukaa. Aliweka telefone yake juu ya kiti kile, akaiegemeza kwenye mufuko wa chumvi yangu, akaifinya. Sauti ya Régine ikatoka: jina, namba, kicheko.

"Mama Priscille," akasema, "nipimie kama huyu mama."

Régine akacheka kwanza. "Huyu ni miye."

"Ndiyo. Nimemujua. Mama muzuri sana. Huyu njo nataka anipimie."

"Ba Mubanga, ile ilikuwa mwezi ya tano. Leo haiko mukono. Uliza batu bote hapa."

"Batu bote habako mu telefone yangu. Weye uko."

"Mbasela ni ya moyo, mama. Haiko ya deni."

"Moyo wako uko ku intaneti, bamayo! Mutu ya Solwezi, haujamuona hata sura, unamupa mikono tatu. Miye nimekuja na lori yangu miaka mine, nimekula vumbi ya barabara, unanikatia mudomoni kama mutu ya kupita njia?"

"Bale ba Solwezi pia leo nabakatia."

"Video inasema hapana."

Na kweli, video ilisema hapana. Munuzi alikuwa na haki. Ningekuwa yeye ningefanya vile vile, na ningeleta telefone kubwa zaidi.

Régine alipima meda ya kwanza akakata mudomoni. Ba Mubanga alifinya telefone tena. Jina, namba, kicheko. Régine akatupa mukono mumoja. Ba Mubanga akafinya tena. Meda ya kumi, ya ishirini, kicheko kile kile, mpaka watu wakaacha kazi wakaja kusimama. Mwishowe Régine akatupa mikono mitatu juu ya kila meda, uso umekauka, na lori likajaa.

Alipoteza faida yote ya siku ile. Lakini faida inarudi. Kilichovunjika ni kitu kingine: alikuwa ametoa mikono mitatu siku isiyo na mukono, mbele ya ufuko muzima.

Chilufya alikuja kabla vumbi la lori halijatua. "Mama Priscille. Umefanya nini?"

"Umeona mwenyewe. Alinibana."

"Asubuhi munuzi wangu wa Kasama ameleta telefone, akaniambia, pima kama yule mama wa video. Nikamwambia yule ana wazimu. Sasa ameona wazimu wenyewe kwa macho. Nitamwambia nini?"

"Ile siku weye njo ulisema tatu! Ulipita hapa unapiga kelele!"

"Nilisema leo! Leo! Nilisema kila siku? Nilisema milele?"

"Sijasema milele mu video."

"Nani anajua? Mu video haiko tarehe, haiko mwezi, haiko samaki kidogo. Uko unacheka tu na unatupa."

Ningeweza kusema kwamba mimi ndiye niliyemwambia Obvious aache. Nilikuwa ninauzia chumvi wanawake wale wote. Nikarudi kwenye mifuko yangu.

Jioni hiyo tulienda kwa Obvious. Alitoa video kwenye saiti kwa dakika moja, akasema, "Imekwisha, ba mayo, mulale salama." Haikuwa imekwisha hata kidogo. Tuliitengeneza iwe nyepesi ili mutu wa mega kidogo aweze kumutumia dada yake. Sasa ilikuwa kwa dada, na kwa shemeji, na kwa kikundi cha kanisa, na ndani ya telefone ya kila munuzi wa chisense kati ya Mweru na Kitwe. Ile ya kwanza ya droni, ya dakika mine, hakuna aliyekuwa nayo. Ilikuwa nzito mno kubeba.

Obvious akafikiri, akasema, "Tupige nyingine. Meda iliyokatwa. Mama aeleze mukono wa leo ni nini."

Tukapiga. Régine alieleza vizuri, kwa subira, kama anafundisha. Ilichukua dakika mbili. Siku ya pili mutu mumoja, sijui wa wapi, alizipanga mbili pamoja: juu ya kwanza aliandika "Kabla hajakupata", juu ya pili "Akishakupata". Ile ilitembea kuliko zote. Mwanamuke wa Lusaka aliyeangalia mara saba alipiga simu kumutukana.

Nilimuuliza Régine, "Umemujibu nini?"

"Nimemwambia mama, uko na haki. Ningemwambia nini?"

Wanawake wa ufuko hawakumupiga wala hawakumutukana tena. Wana njia yao. Mutumbwi ukishushwa, wanapanga mustari wa mabeseni, kila mutu na nafasi yake, na muvuvi anajaza kutoka la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna anayemukataza mutu kuweka beseni. Lakini beseni la Régine, aliloliacha la tano, alilikuta la kumi na mbili. Kesho yake la ishirini. Muvuvi akifika pale hana kitu.

Alienda kwa Webby, muvuvi aliyekuwa anamuuzia tangu zamani, akamukuta anashona nyavu.

"Webby, niuzie pembeni. Nitakuongezea."

"Mama, weye najua ni mutu muzuri."

"Basi niuzie."

"Nina mitumbwi miwili na kila siku nauzia bamama arobaini. Nikikuuzia weye pembeni, bale arobaini kesho banapelekea nani mabeseni yao? Jirani yangu. Nisikudanganye."

"Hata beseni moja?"

"Hata moja itaonekana. Kila kitu siku hizi kinaonekana."

Alijaribu Mununga, huko Chienge. Alienda kwa basi, akarudi na mifuko miwili ya samaki mubichi aliyeanza kuharibika njiani kwa joto, akaanika, ikatoka chisense ya kahawia yenye harufu. Alijaribu kununua kavu kwa watu wa Mwansabombwe auze tena, lakini ile ilikuwa na muchanga, na yeye jina lake lilikuwa la beseni jeupe. Akamuuzia mutu mumoja wa Ndola. Mutu yule akaweka samaki ndani ya beseni jeupe, akapiga video, akamutumia. Chini ya maji kulikuwa na muchanga wa kujaza kijiko.

Ba Mubanga alirudi mara moja tena. Alikuta chanja mbili zina samaki na mbili zina nguo za shule za watoto zinakauka. Hakuleta telefone. Alisimama, akasema, "Pole, Mama Priscille," akaenda kwa Chilufya, akakubali mukono wa leo. Ulikuwa mumoja.

Afisa alikuja siku ya nane ya mwezi wa kumi. Alikuja na kalamu na kofia, mutu wa adabu, sina ubaya wa kumusema. Régine alikuwa ameomba samaki kwangu, nilikuwa na mifuko mitatu niliyochukua kwa mutu aliyeshindwa kulipa chumvi. Nilimuazima mumoja. Aliutandaza juu ya chanja zote nne, ikawa samaki mumoja hapa na mumoja pale, kama nywele za muzee.

Afisa alitembea kutoka chanja ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Samaki wamepungua, mama."

"Ni mwezi mubaya, bwana. Lakini biashara iko. Niko na saiti. Niko na banunuzi ya mbali, kama ulisema."

Akatoa telefone, akamuonyesha. Alimuonyesha ile ya mulima na mikono mitatu, maana hakuwa na nyingine inayoonyesha mali. Afisa aliiangalia yote. Akacheka mahali pa kicheko. Akaomba kuiangalia tena.

"Hii ni nzuri sana. Ilipigwa lini?"

"Mwezi ya tano."

"Na ya mwezi huu?"

Régine akasogeza samaki wawili watatu juu ya chanja.

"Yule mukubwa wa Kitwe, bado anakuja?"

"Anakuja ufukoni."

"Kwako?"

Alitazama upande wangu. Sijui alitaka niseme nini. Nilikuwa ninafunga mufuko, nikaendelea kufunga.

"Hapana," akasema.

Afisa aliandika kwa muda murefu, akiwa amesimama, daftari juu ya chanja. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba karatasi inaisha mwisho wa mwezi na yeye hawezi kuandika kitu ambacho hajakiona, kwamba anaweza kuomba tena mwaka ujao akiwa kambini, na kwamba Mantapala kuna shule. Régine akasema anajua kuna shule. Ni ya msingi, ya Willy. Ya Priscille iko hapa.

Siku mbili baadaye alikuja kwangu kuuza chanja.

Alitaja bei. Ilikuwa bei ya haki: miti bado mizima, nyavu hazijaoza. Nilizunguka chanja, nikatikisa miguu yake, nikasema nyavu ni za zamani. Alijua ni za zamani, zilitoka kwangu. Nilitaja nusu.

"Papa Constantin."

"Nasikia."

"Unajua tarehe yangu."

"Najua."

Nilijua tarehe, na nilijua hawezi kubeba miti ile kwenye lori la kambi, na nilijua hakuna mwanamuke wa ufuko atakayenunua kitu chake. Na yeye alijua yote ninayojua. Alisimama kidogo, mukono juu ya muti wa chanja, kama anafikiria kubishana. Simu yake ikalia. Alipokea, akasikiliza. "Ndiyo, ni miye ya video," akasema. "Hapana, mama. Samaki haiko." Akarudisha simu mufukoni.

"Nipe hiyo nusu," akasema.

Nimemujua mwanamuke yule miaka mine, na ile ilikuwa mara ya kwanza kumuona anakubali bei ya kwanza.

Aliondoka na Willy, magodoro mawili na sufuria. Priscille alibakia wiki moja kwa mutu wa kanisa amalize mitihani, halafu naye akaenda. Anasema atarudi shule mwaka ujao. Watu wanaotoka kambi wananiambia mama yake amepanda karanga, mvua imechelewa, na hauzi kitu. Namba yake imebadilishwa.

Chanja nimeziweka upande wa mashariki wa stoo yangu, mahali upepo unapita vizuri. Nimeanza kuanika mimi pia. Samaki wanatoka safi, hawana muchanga, na asubuhi Chilufya akipita ninasikiliza leo ni mikono mingapi.